Shubh, Labh na Darasa la Saba

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa mandir, Oktoba 2024)



Nimeombwa niseme machache juu ya shule ya msingi ya jirani ambayo mandir yetu imeanza kushirikiana nayo mwaka huu. Mimi si mwalimu. Niliishia kidato cha nne, nikarudi nyuma ya kaunta ya marehemu baba, na huko ndiko niliko hadi leo. Kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona kwa macho ya mwenye duka.

Mwezi Juni nilialikwa katika darasa la saba kuzungumzia faida na hasara. Kwanza walinionesha kazi zao. Dirishani palikuwa na chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, ambayo kwayo hupima mvua na kuandika kipimo kila asubuhi. Ukutani walikuwa wameuchora Mto Mara, tangu unapoanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ukapita katika Hifadhi ya Serengeti, hadi unapoingia Ziwa Victoria, na kila mtoto ameongeza kijito cha kwao na jina lake. Wana pia duka dogo la kalamu na vifutio. Nilikagua daftari lake la mahesabu, nikaliona ni safi kuliko madaftari mengi niliyooneshwa na watu wazima waliokuja kwangu kutafuta mkopo.

Nikaandika ubaoni: mfanyabiashara amenunua mfuko wa sukari kwa shilingi 130,000, akauuza kwa 143,000, je, amepata faida ya asilimia ngapi? Mikono ikapaa. Kumi! Kisha kijana mmoja akasimama, akasema, "Shikamoo mzee. Nauli ya kuuleta mfuko huo umeiweka wapi?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka, maana kosa hilohilo nililifanya mwaka wangu wa kwanza dukani, na baba hakucheka.

Nilipokwisha, mwalimu alirejea marudio ya namba shufwa na namba witiri, akaomba mifano. Msichana wa dawati la mbele akasema, "2024." Mwalimu akamwambia ni sahihi. Lakini wavulana wa nyuma wakaguna, na wasichana kadhaa wakainamisha vichwa. Kila aliyekulia Tarime na Serengeti anajua sababu. Katika koo nyingi za Wakurya wasichana hukeketwa mwezi Disemba, shule zikiwa zimefungwa, katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Yule mtoto alikuwa ametaja tarehe.

Ndugu zangu, sisemi haya ili kuwashutumu majirani tulioketi nao hapa. Wapo miongoni mwenu waliokwisha kukataa mila hii majumbani mwao, na walilipia gharama kubwa kuliko sisi tunaotazama kutoka barazani. Nasi tulikuwa na ya kwetu. Nyanya yangu aliozwa huko Kathiawar kabla ya kuvunja ungo, na hadi anafariki alitia saini kwa dole gumba. Hakuna aliyempiga wala kumchukia, walimfanyia yaliyofanywa.

Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba katika Mkoa wa Mara, takriban wanawake 32 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Na ukeketaji ukishapita, binti huhesabiwa kuwa yu tayari kuolewa, na mazungumzo ya ng'ombe huanza. Sasa itazameni kalenda. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Kati ya miezi hiyo mtoto hana mwalimu anayeita jina lake asubuhi, na Disemba iko katikati.

Mkoa huu una deni la pekee katika jambo la shule. Mwalimu Nyerere alianza kusoma Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, naye ana umri wa miaka 12. Mwaka 1974 ni Azimio la Musoma lililotaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne. Milango imefunguliwa. Tunapongezana kwa ufaulu, na watoto wale wanastahili pongezi, lakini mimi kama mwenye duka sifungi hesabu ya darasa la saba mwezi Septemba. Naifunga Januari, nikihesabu nani ameketi katika dawati la kidato cha kwanza.

Hapa nina la kukiri. Baada ya siku ile nilifungua madaftari yangu ya zamani. Disemba ya 2014, ya 2016, ya 2018: mauzo yamepanda kila mara. Khanga, miavuli, sukari, soda. Nilijaza bohari tangu Oktoba nikijua vizuri kinachokuja, na nilikopesha wazazi kwa ajili ya sherehe hizo. Siku chache zijazo tutaketi hapa kwa Chopda Pujan, Maharaj atabariki madaftari mapya, nasi tutaandika Shubh na Labh, heri na faida. Miaka yote hiyo niliandika Shubh kwanza, kama inavyotakiwa, bila kujiuliza.

Mwaka huu sitakopesha kwa sherehe hiyo, na sijaagiza mzigo wake. Najua mtasema duka la pili litauza. Litauza.

Naiomba kamati ipunguze gharama za masanduku ya mithai tunayogawa wakati wa Diwali. Fedha hizo zinunue unga, maharage, sabuni na taulo za kike, zipelekwe kabla ya mwisho wa Novemba katika nyumba salama za Masanga na Mugumu, zinakopokewa mabinti wanaokimbia. Tusisubiri Disemba, kwa kuwa wakati huo nyumba hizo hufurika. Kisha Januari kuna sare, madaftari, na godoro kwa atakayepangiwa bweni. Ada imeondolewa, hivyo havikuondolewa.

Mwalimu mkuu amekubali kutupatia orodha ya wasichana wote waliofanya mtihani katika shule ile. Wiki ya pili ya Januari nitakwenda naye, jina kwa jina, na nitahitaji mtu mwenye gari linaloweza kupita kwenye matope, maana langu haliwezi. Daftari la kujiandikisha liko mezani, karibu na mahali pa kuvulia viatu. Kalamu imefungwa kwa uzi, tafadhali msiikate.