Hedi Kubwa Si Nguvu Kubwa

Hotuba ya fundi wa injini mbele ya wanachama wa tawi letu, baada ya mkutano wa mwezi



Ndugu Katibu aliniomba niseme juu ya kazi yetu wenyewe, yaani kazi ya mikono, na akanipa muda mfupi. Basi nitasema juu ya jambo moja tu, ambalo limewaletea mafundi wengi aibu, na wengine limewapunguzia mshahara. Jambo hilo ni kuchagua hedi ya silinda kwa injini ambayo mwenyewe anataka iongezwe nguvu.

Nilipokuwa kijana wa kujifunza kazi, bwana mmoja alileta Morris Minor yenye injini ya cc 1098. Alitaka gari lake lipande milima mbele ya wenzake. Mkononi alikuwa na hedi iliyotoka katika injini ya cc 1275. Akasema, "Hii ni kubwa, ifungeni." Msimamizi akanipa mimi kazi. Nilipoiweka ile hedi juu ya bloki, niliona kwamba valvu za ekzosi zimetokeza nje ya ukingo wa silinda. Niliona, nikanyamaza. Nilijiambia, mimi ni nani hata nimwambie bwana huyu kwamba amenunua vibaya? Tulipoiwasha injini, tulisikia mlio kama wa nyundo juu ya chuma. Valvu mbili zilipinda. Mwenye gari alimlaumu msimamizi, msimamizi akanilaumu mimi, na mwisho wa mwezi mshahara wangu ulikuwa pungufu.

Tangu siku hiyo sijafunga hedi yo yote bila kuipima. Nataka leo mjue ninayopima, na kwa nini.

Injini hiyo ninayoitaja ni ile ya kampuni ya BMC, iliyoanza mwaka 1951 katika gari la Austin A30, na ikaendelea kutengenezwa mpaka gari la Mini lilipokwisha mwaka 2000. Wazee hapa mnaijua vizuri. Siku hizi magari hayo yamekuwa mali ya watu wanaopenda vitu vya zamani, nao hulipa vizuri fundi anayeyajua. Lakini mafunzo yake yafaa kwa injini yo yote ya petroli.

Kwanza, tuulize: mtu akisema hedi kubwa, ni kubwa kwa nini? Hedi ina vipimo vitatu, na kila kimoja chasimama peke yake. Kipimo cha kwanza ni tundu la kuingizia hewa na petroli. Cha pili ni upana wa valvu. Cha tatu ni chemba ya moto, yaani lile bonde ambamo mchanganyiko unawaka. Hedi yaweza kuwa kubwa kwa valvu na ndogo kwa chemba. Asiyejua hivyo ananunua jina tu.

Tuanze na tundu. Watu wengi hufikiri kwamba tundu likiwa pana hewa huingia nyingi, basi nguvu huzidi. Hiyo ni nusu ya kweli. Hewa ni kitu chenye uzito, na ikienda mbio haitaki kusimama. Pistoni inapofika chini na kuanza kurudi juu, hewa iliyo katika tundu huendelea kujisukuma ndani kwa sababu ya mbio zake, mpaka valvu ifungwe. Tena hewa yenye mbio huchukua petroli vizuri, haiachi matone kwenye kuta. Tundu likiwa pana mno, hewa hutembea polepole kama maji ya mto unaofika tambarare. Injini hukohoa, haivuti mlimani, na petroli huliwa bure.

Chukua hesabu hii. Injini ya cc 1098 ina silinda yenye upana wa milimita 64.58, na pistoni yake husafiri milimita 83.72. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, hewa katika tundu lenye upana wa milimita 27 huenda kwa wastani wa mita 38 kwa sekunde. Ukilipanua tundu hilo mpaka milimita 33, mwendo hushuka mpaka mita 26 hivi. Umepoteza theluthi ya mbio, na gari linapoondoka kwenye taa au linapopanda Escarpment utaona tofauti. Lakini injini hiyo hiyo ikifika mizunguko 6,000, tundu la 27 litataka hewa iende karibu mita 96 kwa sekunde, na lile la 33 mita 64. Hapo ndipo tundu jembamba huanza kuikaba injini, na lile pana hulipa deni lake.

Kwa hivyo swali la kumwuliza mwenye gari si, "Unataka hedi gani?" Swali ni hili: "Injini yako itafanya kazi katika mizunguko mingapi, na saa ngapi katika siku?" Kama atakwenda kazini na sokoni, na Jumapili moja moja aende mashindanoni, hapana budi umpe tundu dogo lililosafishwa vizuri. Huko Marekani mafundi wa Chevrolet V8 ya lita 5.7 huhesabu vile vile. Hununua hedi kwa ujazo wa tundu la kuingizia. Kwa gari la barabarani huchukua lenye cc 180 au 195 hivi, na lile la cc 210 na zaidi huwaachia wenye injini za mizunguko ya juu. Nchi ni nyingine na injini ni nyingine, lakini hewa ni ile ile.

Sasa valvu. Valvu kubwa yataka silinda pana. Injini ya kwanza ya Mini, ya cc 848, ilikuwa na valvu ya kuingizia yenye upana wa milimita 27. Hedi ambayo mafundi huiita 295, kwa namba iliyochorwa juu yake, ina valvu ya milimita 31. Hedi ya 940, iliyo ya injini ya cc 1275, ina milimita 33.3, na ya ekzosi ni milimita 29.4. Lakini silinda ya 1275 ina upana wa milimita 70.6, na ya 1098 ni 64.58 tu. Hapo ndipo valvu zangu zilipogonga bloki. Mtu akitaka kutumia hedi ya 940 juu ya bloki ndogo, lazima bloki ikatwe vijibonde pale valvu ya ekzosi inaposhukia, na kazi hiyo ni ya mtu mwenye mashini na jicho zuri. Akikata mno hufikia mahali ringi ya juu ya pistoni inapopita, na bloki imekwisha.

Tazameni waliojenga Mini Cooper S, iliyoshinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964. Injini ya gari hilo ilikuwa ya cc 1071 tu, tena ndogo kuliko ya Morris Minor yule niliyemharibu. Lakini kabla ya kuweka valvu kubwa walipanua silinda kwanza mpaka milimita 70.6. Walijenga nyumba, ndipo wakachonga mlango.

Kipimo cha tatu ni chemba, na hapa ndipo wengi huanguka, kwa maana chemba haionekani hedi ikiwa imefungwa. Hedi ya 295 ina chemba ya cc 28.3 ilipotoka kiwandani. Hedi ya 940, iliyo kubwa kwa valvu, ina chemba ndogo ya cc 21.4. Tuseme gasketi na nafasi nyingine zinaongeza cc 6. Injini ya 1098 ikivaa hedi ya 295 itapata mgandamizo wa 9 kwa 1. Ikivaa 940 itapanda mpaka 11 kwa 1. Kwa petroli ya barabarani hiyo ni hatari. Injini itagonga, na kugonga kukizidi pistoni hutoboka. Sasa chukua hedi ya 295 uiweke juu ya injini ya cc 848. Mgandamizo utashuka mpaka 7.2 kwa 1. Mwenye gari amenunua hedi yenye valvu kubwa, na gari limekuwa zito kuliko lilivyokuja! Hesabu yake si ngumu: chukua ujazo wa silinda moja, ongeza nafasi yote inayobaki juu ya pistoni ikiwa juu kabisa, kisha gawanya kwa nafasi hiyo hiyo.

Nasi wa huku tuna jambo jingine la kukumbuka. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,700, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Injini ya Nairobi huvumilia mgandamizo wa juu kidogo, na kabureta yake hutaka petroli pungufu. Lakini mwenye gari akiiteremsha pwani, hewa huwa nzito, petroli huwa haitoshi, na injini iliyokuwa kimya huanza kugonga. Basi muulizeni kama atashuka. Akisema ndiyo, pangeni mgandamizo kwa ajili ya Mombasa, msiupange kwa ajili ya Nairobi.

Tena, msisahau viti vya valvu. Petroli yenye risasi ilikwisha katika nchi yetu mwaka 2006. Hedi nyingi za zamani zina viti vilivyokatwa katika chuma chenyewe, nayo risasi ndiyo iliyokuwa ikivilinda. Gari likikimbizwa sana bila risasi, viti vya ekzosi huliwa, valvu huzama, na mgandamizo hutoroka. Kwa hiyo hedi ya zamani ya mashindano hapana budi iwekewe viti vigumu. Gharama hiyo mwambieni mwenye gari kabla hajanunua, si baada.

Nitawaeleza jinsi ninavyopima. Vitu vyake ni vya bei ndogo. Nachukua kipande cha kioo chenye tundu dogo, nakipaka grisi, nakilaza juu ya chemba huku valvu na plagi zimefungwa. Kisha natia mafuta mepesi kwa sirinji, nikihesabu cc mpaka chemba ijae. Nafanya hivyo chemba zote nne. Zikitofautiana, nazisawazisha. Baadaye naweka udongo laini wa kuchezea watoto mahali valvu inaposhukia, nafunga hedi na gasketi ya zamani, nazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, nafungua, na kuukata ule udongo kwa kisu. Unene uliobaki ndio nafasi yangu. Ikiwa chini ya milimita 1.5, mimi sifungi. Kazi yote haizidi nusu ya siku. Ningaliifanya wakati ule, nisingalipinda valvu.

Ndugu wafanyakazi, namalizia kwa jambo linalotuhusu kama chama. Fundi hawezi kumkataza mwenye gari kununua apendacho. Gari ni lake na fedha ni zake. Lakini fundi aweza kupima, kusema, na kuandika. Andikeni vipimo katika kadi ya kazi: chemba cc ngapi, nafasi ya valvu milimita ngapi, mgandamizo kiasi gani. Kama mwenye gari au msimamizi ataka kuendelea hata hivyo, aandike neno lake na kutia sahihi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa uharibifu wa mali uliotokana na kosa la mfanyakazi la kukusudia, na kukata huko kuwe kwa kiasi cha haki. Aliyepima, akaonya, na kuandika, nani atasema alikusudia kuharibu? Kadi hiyo mkiileta kwa katibu wa tawi, ana kitu cha kushika anapokwenda mbele ya mwajiri. Mkija na maneno matupu, hata katibu hodari atarudi mikono mitupu.

Na ninyi wazee wa kazi, mnapomwona kijana amesimama mbele ya hedi akisitasita, msimpigie kelele afanye haraka. Mwulizeni ameona nini. Mimi siku ile niliona, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Nimeleta hapa hedi mbili, ile ya 295 na ile ya 940, pamoja na kioo na sirinji. Bwana Mwenyekiti akiruhusu, vijana wasogee mezani wapime wenyewe, na kila mmoja aandike cc alizopata.