Ubabe wa Usukani na Ukimya wa Abiria



Takwimu nitazitaja mapema ili tuwe na kipimo cha ubabe wa barabarani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walifia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua kuliko barabara. Vijana mlioketi huku mbele, mnaozungumziwa hapo ni ninyi.

Lakini sikuja kuhesabu maiti. Nimekuja kuzungumzia yale madogo yanayotuudhi kila siku. Kuna dereva anayetanua kwenye foleni kisha anachomekea mbele yako kama vile hukuwapo. Kuna anayekupiga fuli machoni usiku hadi ukingo wa lami unapotea, na kuna anayemwona mama na mtoto mgongoni wamesimama kwenye pundamilia, akaongeza mwendo ili awawahi. Tumezoea kusema huo ni ukosefu wa ustaarabu, tukasonya, tukaendelea na safari. Mimi ni mhandisi wa barabara, na kwa miaka yote niliyofundisha fani hii nimezidi kuamini kwamba kero hizi na vifo vile ni tendo moja lenye viwango tofauti. Mtu anachukua cha mwenzake bila ruhusa. Anaanza na muda, na siku nyingine anamalizia na uhai.

Chukueni foleni ya asubuhi hapa Dar es Salaam, Kimara au Mbezi au Tegeta. Kwenye mataa, njia moja ikiruhusiwa hupitisha takriban gari moja kila baada ya sekunde mbili. Hapo hakuna ujanja. Ndivyo binadamu na magari yao yanavyoondoka. Sasa gari 30 zikatanua pembeni, zikapita juu ya njia ya waenda kwa miguu, zikachomekea pale mbele. Mataa hayajaongezewa uwezo hata kidogo. Zile gari 30 zimechukua dakika nzima ya kijani iliyokuwa ya waliopanga foleni, na mara nyingi wanakosa zaidi ya hiyo, kwa sababu magari yanayosukumana mlangoni huondoka polepole kuliko yaliyonyooka. Aliyetanua anaamini ameokoa muda. Ukweli ni kwamba ameutoa kwa nesi anayewahi zamu na kwa mwanafunzi anayewahi mtihani, na watu hao hatawajua kamwe. Naye mwenda kwa miguu aliyekuwa na kipande chake chembamba cha vumbi amesukumwa hadi mtaroni.

Njia ya mabasi ya mwendokasi ni mfano ulio wazi zaidi. Tangu mabasi hayo yaanze kazi Mei 2016, lengo la kuyatengea njia limekuwa kwamba mtu asiye na gari asafiri haraka kuliko mwenye gari. Kwa mji kama Dar es Salaam, hilo ni tendo la haki. Hata hivyo bodaboda huingia mle, na huingia pia magari makubwa ya heshima yenye vioo vyeusi. Bodaboda akikamatwa hulipishwa faini. Kigogo akipita, hupigiwa saluti. Dereva wa daladala anayaona yote mawili kila siku, na somo analolipata hapo ni zito kuliko kipeperushi chochote cha Wiki ya Nenda kwa Usalama. Anajifunza kwamba foleni ni ya wanyonge. Nalisema hili bila kupepesa macho kwa kuwa najua wapo humu ukumbini wanaoendeshwa. Mwambie dereva wako apange foleni.

Tutoke mjini tushike barabara kuu. Kati ya Mlandizi na Chalinze basi limekaa nyuma ya semi-trela inayokwenda kilomita 60 kwa saa, na dereva anataka kuovateki kwa mwendo wa 80. Tofauti ya mwendo ni 20 tu. Semi ina urefu wa karibu mita 20. Ongezeni nafasi ya kutoka nyuma yake, nafasi ya kurudi mbele yake na sehemu ya urefu wa basi lenyewe. Hazipungui mita 65 za kushinda, nazo zinahitaji karibu sekunde 12. Katika sekunde hizo basi linakwenda mita 260 upande usio wake, na gari linalotoka mbele kwa mwendo huohuo nalo linakuja mita 260. Kwa hiyo lami iwe tupu kwa zaidi ya nusu kilomita. Penye kona au kilima nusu kilomita haionekani. Anayeovateki pale anakisia, na anachoweka rehani ni familia iliyo ndani ya gari dogo linalotoka Morogoro, ambayo hakuna aliyeiuliza kama imekubali.

Je, madereva wetu hawajui kujaliana? Wanajua sana, na hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo mara nyingi tunapokosea tunapowahukumu. Dereva wa lori akiona mbele hakupitiki, huwasha indiketa ya kulia kumwambia aliye nyuma asubiri. Njia ikiwa nyeupe, huwasha ya kushoto. Anayetoka mbele hukupiga taa mara mbili ujue kuna trafiki na tochi ya kupimia mwendo nyuma ya mti. Lori likiharibika, utingo hukimbia porini kukata matawi na kuyapanga barabarani mita kadhaa nyuma. Hakuna kifungu cha sheria kilichowafundisha hayo. Ni adabu ya kazi, imerithishwa kwa mdomo kutoka kwa dereva hadi kwa tandiboi wake. Tatizo ni kwamba adabu hii ina mipaka ya kabila la wenye usukani. Lori likishatengenezwa, matawi na mawe yaliyozuia matairi hubaki katikati ya lami, yakimngoja mwendesha baiskeli wa usiku. Taa zinazokuonya kuhusu tochi hazikuonyi kuhusu watoto wa shule wanaovuka kijiji kinachofuata.

Kwa hiyo tusiseme hawana utu. Utu wanao, ila haujawafikia watembeao kwa miguu. Na una adui mkubwa anayeitwa hesabu. Dereva wa daladala asubuhi anajua kiasi ambacho tajiri anakitaka jioni. Akishalipa hesabu na mafuta, kinachobaki ndicho chake na konda wake. Kila abiria aliyewahiwa na daladala ya mbele ni ugali uliopungua nyumbani. Kama ni deiwaka, yaani dereva wa kibarua, hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kesho huenda gari asipewe. Mwaka 2015, Aprili na tena Mei, madereva waligoma, stendi zikafurika abiria, na mojawapo ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Wengi wetu tulikumbuka tu jinsi tulivyokwama. Mimi niliona kwamba wanaopewa lawama ya ubabe walikuwa wakiomba kitu ambacho kingewaondolea sababu mojawapo ya ubabe huo, yaani mshahara usiopimwa kwa idadi ya vichwa. Tajiri anayedai hesabu isiyofikika bila kukimbiza gari naye ameshika usukani, hata kama amelala nyumbani.

Fani yangu pia isamehewe kwa lipi? Tunajenga barabara pana, iliyonyooka, laini, ikapita katikati ya kijiji, halafu tunachomeka kibao cha 50. Lami yenyewe inamwambia dereva aende 100. Anapunguza penye tochi, akishaivuka anafidia. Kwa mwendo wa 50 gari hula mita 14 kila sekunde. Kwa 80 hula mita 22, na nguvu ya kugonga huwa zaidi ya mara mbili na nusu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atalazwa wodini au atazikwa. Basi barabara ijengwe imlazimishe dereva kupunguza. Hapahapa Dar es Salaam, shirika la Amend liliweka matuta, njia za miguu na vizuizi karibu na shule za msingi, na utafiti uliofanyika ulionyesha majeruhi miongoni mwa wanafunzi wamepungua kwa takriban robo. Hakuna aliyebadilisha roho za madereva wa maeneo yale. Mkandarasi alimwaga zege mahali panapostahili, basi.

Lakini matuta hayawezi kuwekwa kila mita ya njia ya kwenda Mbeya. Huko dereva ana shahidi mmoja tu anayesafiri naye mwanzo hadi mwisho, naye ni abiria. Wenzetu wa Kenya wametupa ushahidi mzuri. Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu za safari ndefu vibandiko vinavyowahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya, wakazilinganisha na matatu zisizobandikwa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011, madai ya bima kwa magari yenye vibandiko yalipungua kati ya nusu na theluthi mbili. Wakarudia kwa maelfu ya magari, chini ya kampeni iliyoitwa Zusha, na matokeo ya mwaka 2015 yakaonyesha upungufu wa robo hadi theluthi. Ni karatasi ya gundi tu, isiyo na askari wala faini.

Kwa nini karatasi iwe na nguvu hivyo? Nadhani jibu mnalo wenyewe kama mmewahi kupanda basi la mkoa. Nilikuwa safarini kutoka Iringa, tunateremka Kitonga, dereva akaanza kuovateki malori penye kona. Watu zaidi ya hamsini tulikuwa tumeshika viti vya mbele, kimya. Mama mmoja wa makamo akapaza sauti: "Baba dereva, mwanangu, punguza, humu umebeba watoto wa watu." Kijana wa kiti cha nyuma akamjibu, "Mama, muache dereva afanye kazi yake, kama unaogopa shuka." Hapo mzee mwingine akamuunga mkono mama, kisha akatokea wa tatu, mara basi zima likawa linasema. Dereva akatulia nyuma ya lori hadi tulipofika bondeni. Hofu ya wale watu haikuanza mama aliposema. Kila mmoja alikuwa nayo peke yake, akidhani wenzake wameridhika na mwendo. Kibandiko hufanya kazi ya yule mama: kinamwambia kila abiria kwamba kusema si kiherehere.

Nawasihi wenye mamlaka. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, saa ambazo abiria anahitaji kusikika zimeongezeka, na ni saa ambazo trafiki ni wachache. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) inafuatilia mwendo wa mabasi kwa mitambo, na hilo ni jema. Kila basi liwe pia na maandishi makubwa, kwa Kiswahili, mbele ya macho ya kila abiria, yakisema ana haki ya kumwambia dereva apunguze, na namba ya kupiga asiposikia. Wamiliki wapimwe kwa mikataba waliyowapa madereva kabla ya kupewa leseni ya njia. Na faini ya kutanua imfuate mwenye gari, awe nani.

Wanafunzi wangu, wiki chache zijazo chuo kitafungwa nanyi mtapanda mabasi kwenda Mwanza, Songea, Bukoba na Tanga. Ukiketi, funga mkanda. Dereva akianza kukimbiza, usimngoje mama wa makamo asimame. Sema wewe, kwa heshima, kwa sauti inayofika mbele: "Kaka dereva, punguza mwendo." Na ukimsikia mwingine amesema, usimwache peke yake.