Land Rover Zinapungua Barabarani

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya jambo ambalo sote tunaliona: Land Rover za zamani zinapungua katika barabara za Ngara na Biharamulo.

Gari hilo lilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo bodi yake ikafanywa ya alumini. Wazee wetu waliijua Land Rover 109: ndilo lililokuwa gari la Bwana Shamba, la misheni, la polisi na la kubebea wagonjwa. Muundo ule, uliopewa jina la Defender mwaka 1990, ulikoma kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya iliyoonyeshwa mwaka 2019 ni gari jingine kabisa.

Huku kwetu mabadiliko yalianza mapema. Mwaka 1994, wakimbizi zaidi ya laki mbili walipovuka daraja la Rusumo kwa siku chache, mashirika ya misaada yalikuja na Land Cruiser nyeupe. Hatuna wa kumlaumu. Mnunuzi hufuata gari lenye vipuri, na Land Cruiser za aina ya 70, zilizotoka mwaka 1984, zingali zinaundwa.

Sasa angalieni hesabu yenyewe. Land Rover moja inayotembea leo huenda imebeba difu ya gari la pili na gia za gari la tatu. Yaani, ili moja liishi, mawili yamechinjwa. Ndiyo maana zinapungua upesi kuliko uzee wake.

Lakini kipo kipuri kisichopatikana kwa kuchinja gari: ujuzi wa fundi. Fundi wa kupanga springi za bamba na kuchomea fremu iliyoliwa na kutu, tena kwa vifaa vichache, amezeeka. Gari jipya lenye kompyuta likikwama vijijini, yafaa nini spana bila mashine ya kulipima? Na mama mjamzito aliyelala ndani yake hawezi kungoja fundi atoke mjini.

Sisemi haya kwa kulililia gari. Land Rover ilikuwa na kelele, ilichosha mgongo, na vumbi liliingia kila upande. Ninaulilia ujuzi. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kwa hiyo natoa ombi. Sisi wanafunzi wa zamani tuchange, tununue Land Rover moja mbovu pamoja na sanduku la spana, viletwe hapa shuleni. Tumwombe fundi mzee aje afundishe. Nanyi wanafunzi mlifungue gari hilo, mlifunge tena, na kila hatua muiandike daftarini. Atakayejua kwa nini injini ile inawaka hatashindwa kujifunza ya kompyuta.

Ndugu Mwenyekiti, mimi naanza na mchango wangu leo hii.