Jenga Ukingo Mapema

Nasema na ninyi nyote mlioko Meru, Nithi, Embu na Mbeere, na hasa ninyi mlio na baba au mama aliyezeeka. Neno letu la leo linatoka katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8.

Hapo Mungu anawaagiza Waisraeli jambo linaloonekana dogo. Mtu akijenga nyumba mpya, auzungushie ukingo upande wa juu, ili mtu asianguke kutoka huko na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mapaa ya nyumba zao yalikuwa bapa kama sakafu, na watu walipanda kupumzika na kuanika mavuno. Angalieni, ndugu: sheria hii haimkaripii aliyeanguka kwa kutotazama njia. Inamwendea mwenye nyumba, na kumpa kazi ya mikono kabla mtu hajaumia.

Sisi hatukai juu ya paa. Lakini je, wazee wetu hawaanguki? Mvua za Novemba zikinyesha, udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene huteleza kama sabuni. Mama mzee anaamka usiku kwenda choo kilicho nyuma ya migomba. Hana taa, na kandambili zake zimelika. Asubuhi anakutwa chini, na sisi twasema, "Ni uzee tu," au, "Ni mapenzi ya Mungu." Wengine wanauliza ni nani aliyemroga. Ndugu zangu, tusimsingizie Mungu kazi ya kandambili.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka. Wengi wao ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kuhani Eli, mzee wa miaka 98, hakuanguka mlimani. Alianguka kutoka kitini, shingo ikavunjika.

Siku hizi wengi tuna watoto Nairobi, Uingereza au Marekani. Wanatupenda. Wanatuma fedha, nyumba ya mawe inasimama, sakafu ina vigae vinavyong'aa, na mbele ya mlango pana ngazi tano zisizo na kishikio. Majirani wanasifu. Lakini kigae hicho kikimwagikiwa maji, mguu wa mzee hauna pa kushika. Mtoto amempa mama nyumba, ila hajamjengea ukingo. Wazazi wengine huitwa kwenda kukaa na watoto huko ng'ambo. Huko wanakuta ngazi ndani ya nyumba, zulia dogo linaloteleza, na theluji mlangoni. Mtoto anakwenda kazini alfajiri, mzee anabaki peke yake.

Basi, ukingo wetu ni nini? Kwanza, ni njia. Sawazisha njia ya chooni, mwaga changarawe, simika nguzo na mti wa kushika. Mzee awe na tochi kando ya kitanda, na chombo cha haja ndogo chenye kifuniko, asitoke nje usiku. Pili, ni ndani ya nyumba. Ondoa gunia lililokunjamana mlangoni na kuni zilizolala njiani. Futa maji mara yanapomwagika. Tatu, ni miguu. Mnunulie viatu vyenye soli ya kushika ardhi na vinavyofunga kisigino. Mkongojo uwe na mpira chini, na urefu wake ufike kifundo cha mkono wakati mkono unaponing'inia.

Nne, ni macho na dawa. Mtoto wa jicho huweza kuondolewa kwa upasuaji. Dawa za shinikizo la damu na za usingizi huweza kuleta kizunguzungu. Mzee asiziache kwa shauri lake mwenyewe, bali amweleze daktari. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha asimame. Tano, ni nguvu. Wengi wetu kwa upendo twamwambia mzee, "Wewe kaa tu." Lakini miguu isiyotumika hudhoofika, na aliye dhaifu huanguka upesi. Asimame na kuketi kitini mara kadhaa kila siku, penye meza imara ya kushika, na atembee kadiri awezavyo.

Na akianguka, msimnyanyue kwa haraka. Asipoweza kusimama, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeuka nje, msimkande wala kumvuta. Mlazeni juu ya ubao, mpelekeni hospitali. Wazee wetu wa imani walijua kwamba Injili hujali pia mwili. Kule Chogoria, tangu Dakta Archibald Irvine alipofika mwaka 1922, kanisa, shule na hospitali vimekua pamoja.

Nina neno kwenu pia, baba zetu na mama zetu. Wengi wenu huanguka na kunyamaza, mkiogopa kukatazwa shamba au kuhamishwa nyumbani kwenu. Tafadhali semeni. Aliyeanguka mara moja yu karibu kuanguka tena. Wala msiuonee haya mkongojo. Nabii Zekaria, sura ya 8, anapoeleza baraka za Yerusalemu, anawaona wazee wake kwa waume wameketi njiani, kila mmoja na mkongojo mkononi kwa wingi wa siku zake. Kwa nabii huyo, mkongojo ni dalili ya amani.

Vijana wa kanisa, juma hili chukueni jembe na nyundo, mwende nyumbani kwa mzee mmoja ambaye watoto wake wako mbali. Wazee wa kanisa, tazameni ngazi za nyumba ya Mungu: je, zina kishikio? Nanyi mlio na simu za watoto walio ng'ambo, waambieni kabla ya kuongeza chumba kingine, waweke chuma cha kushika bafuni.

Tuombe. Ee Baba, uliyetufikiria hata ukingo wa nyumba, utufumbue macho tuone mahali wazazi wetu wanapoteleza. Utupe mikono yenye bidii kabla ya machozi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.