Simu Inaponyamaza Katikati ya Ujumbe

(Maneno ya afisa wetu wa uwanjani katika mkutano wa kamati za kambi na viongozi wa familia zilizohama)



Leo nilipaswa kusema juu ya mazungumzo kati ya jamii. Nitasema juu ya simu, na mtaona kwamba ni jambo lile lile.

Mnaijua programu ndogo iliyo katika simu za viongozi, yenye alama ya pembetatu ya kusikilizia. Kiongozi mmoja alifungua ujumbe wa wazee waliobaki kijijini, akasikia kwamba njia imefunguliwa na watu wanaweza kurudi. Hapo sauti ikakatika, naye akadhani maneno yamekwisha. Jioni familia mbili zilikuwa zimefunga mizigo. Kumbe ujumbe ulikuwa wa dakika nne, naye alisikia moja na kidogo. Sehemu iliyobaki ilisema: mpaka sokoni tu, mashamba ya ng'ambo ya mto bado, kuna mabomu ambayo hayajalipuka. Mama mmoja ndiye aliyeuliza, "Mbona mzee hakuaga?" Mzee wa kwetu hamalizi maneno bila kuaga. Swali lile ndilo lililowazuia watu.

Kwa hiyo, kwanza tazameni namba za dakika chini ya mstari. Mstari ukisimama kabla ya mwisho, ujumbe haukushuka wote: mtandao ulikatika, mega zilikwisha, au nafasi katika simu imejaa. Futeni video za zamani, nendeni pahali penye mtandao, mushushe upya na kungoja umalizike ndipo mubonyeze. Musiondoe programu yote kwa haraka. Mara nyingi anayeiondoa anapoteza pia ujumbe wote uliohifadhiwa ndani yake.

Lakini kama mstari unatembea na sauti haitoki, shida ni nyingine. Wengi wananiambia, "Simu ni nzima, inalia vizuri." Inalia, ndiyo, lakini sauti ya kuita na sauti ya kusikiliza ni mbili, kila moja na kipimo chake. Bonyezeni kitufe cha pembeni wakati ujumbe unatembea, si kabla. Kisha tazameni kama blututi imewashwa. Siku moja tulitafuta sauti karibu nusu saa, kumbe ilikuwa inatokea katika bafle ya vijana wa kwaya, hema la tatu, nao walikuwa wanasikiliza mambo ya kamati bila kualikwa.

Kama alama ya ekuteri inaonekana juu ya kioo na hakuna ekuteri, uchafu umeingia katika tundu na simu inadanganyika. Chomekeni ekuteri na kuzitoa mara chache. Vumbi kwenye matundu ya sauti linatolewa kwa mswaki mkavu, simu ikiwa imezimwa. Sindano hapana, maji hapana. Na batri ikiwa karibu kwisha, simu nyingine zinasimamisha programu mara kioo kinapozimika, zishariji kwanza.

Sasa wanaotuma. Ninaomba kila anayerekodi aanze kwa kusema ujumbe ni wa dakika ngapi, na amalize kwa kusema "mwisho wa ujumbe". Na kiongozi asipeleke neno hema la pili kabla ya kusikia mwisho ule. Mimi naona ni afadhali kusema "sijasikia yote, ngojeni" hata kama watu watanung'unika. Simu moja inasikilizwa na familia nyingi, na kila familia ina majirani wake.

Kesho asubuhi nitakaa karibu na bomba la maji. Leteni simu zilizonyamaza, zikiwa zimeshariji, na kadi memori zake. Mwenye bafle ile aje pia, tutaizima pamoja.