Wapagazi Wasio na Majina

Msikilizaji, ukishuka Posta, Dar es Salaam, ukaingia Mtaa wa Samora, utamkuta askari wa shaba katikati ya mzunguko wa barabara. Ameinama kidogo, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Amesimama pale tangu 1927. Kwenye msingi wake pana maneno ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yanawakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha yanatoa ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Jina lipi? Izunguke sanamu yote, hutaona jina la hata mmoja wao.

Wapagazi hasa ndio wanaonitia uchungu. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, magari yakazama matopeni, kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi likapanda kichwani mwa mtu. Upande wa Waingereza peke yake uliwatumia watu wapatao milioni moja. Wengi hawakujitolea, walikusanywa vijijini kwa amri, majumbe wakitakiwa kutoa vijana. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa ndivyo vilivyowamaliza. Unga wa mahindi walipewa, lakini mara nyingi uliliwa haujaiva, na matumbo ya watu waliokulia ndizi au mtama hayakuustahimili. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa waliokufa walikaribia 100,000. Walifukiwa kando ya njia walizopita: kuelekea Taveta, bonde la Rufiji, Mahiwa kule Lindi.

Vita vilipokwisha, askari wa Kizungu aliwekewa jiwe lenye jina lake. Mwafrika akajengewa sanamu ya pamoja: moja Dar es Salaam, moja Nairobi, moja Mombasa. Makaburi ya wapagazi, wakubwa wa serikali ya kikoloni waliona heri yaachwe yamezwe na pori. Na pori likayameza.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ripoti yake ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuenziwa kwa majina yao, au hawakuenziwa kabisa. Radhi ni jambo la kiungwana, lakini haiwezi kusimama mahali pa jiwe. Sanamu za mijini tunazo. Kinachokosekana ni alama huko huko walikoanguka, kando ya barabara za Taveta na Lindi, ili dereva wa lori na mtoto anayekwenda shule wajue ardhi hiyo imelaza nani. Kazi hiyo serikali zetu zinaiweza bila kusubiri fedha za London.

Nawe msikilizaji, kama katika ukoo wenu yuko babu aliyechukuliwa upagazi asirudi, waulize wazee leo. Andika jina lake, kijiji alichotoka na njia waliyompitisha, kisha peleka nakala kwenye ofisi ya nyaraka za taifa.