Mkufu wa Dhahabu Ukiletwa Kama Dhamana

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi)

Leo tuongee juu ya dhahabu. Najua wengine watasema hayo ni mambo ya matajiri. Sivyo. Wasichana wetu wanarudi kutoka Saudia na Dubai na mikufu, na mtu akikosa karo anauleta kwa kikundi uwe dhamana ya mkopo.

Hivyo ndivyo kikundi chetu kilivyoumia. Mama mmoja alileta mkufu, mweka hazina akatazama kwenye kifungo akaona "18K". Tukampa shilingi elfu sita. Aliposhindwa kulipa tukaupeleka kwa sonara, naye akatuonyesha kwa kioo cha kukuzia: baada ya 18K kulikuwa na herufi mbili ndogo, GP. Maana yake ni kitu kilichopakwa dhahabu juu juu tu. Ndani ni shaba. Mama wa watu mwenyewe hakujua, aliuziwa hivyo hivyo.

Basi tuelewane. Dhahabu safi ni karati 24. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu na 6 za madini mengine, ili iwe ngumu. Wengine huandika kwa hesabu ya elfu: 916 ni karati 22, 875 ni 21 inayopendwa sana Uarabuni, 750 ni 18, 585 ni 14, na 375 ni 9. Kwa hivyo mkufu wa gramu 10 wenye 375 una dhahabu gramu tatu na robo tatu tu. Wa 916 una zaidi ya tisa. Ukiona 925 hiyo ni fedha, hata ikiwa inang'aa manjano.

Sasa, muhuri peke yake si kiapo. Mwenye chombo cha kugongea anaweza kugonga 750 kwenye shaba. Wengine hujaribu kwa sumaku. Lakini shaba pia haivutwi na sumaku, kwa hivyo isipovutwa bado hujajua kitu. Sonara husugua kwenye jiwe lake jeusi, halafu hudondosha asidi. Mwombeni kwanza akwaruze kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana, maana akipima juu tu atapima ile rangi. Mwenye mkufu awepo, na uzito uandikwe kitabuni mbele yake.

Sisi sasa tunakopesha baada ya kwenda kwa sonara. Yule mama bado ni mwanachama, analipa mia mbili kila mwezi.